Mchoro wa kanga umerudishwa: nitupe wazo lote au kuna cha kuokoa?

Chorachora

Habari za kazi, wakuu. Nina mchoro wa kanga uliorudishwa na mnunuzi wa jumla. Sababu alizotoa ni tatu, neno mojamoja: "Imejaa. Haivaliki. Haisemeki." Hakuongeza kitu. Naomba wanaoijua kazi hii wanifasirie, maana sitaki kutupa kilicho kizuri wala sitaki kubembeleza kazi mbovu.

Mchoro uko hivi. Kipimo ni sm 150 kwa 110. Pindo ni sm 8 pande zote nne, majani ya mkungu yanayofuatana. Kwenye mji, yaani uwanja wa katikati, kuna nyumba mbili za makuti zinazotazamana, njia inapita katikati. Nyumba ya kushoto ina dirisha lililofunguliwa nusu, mwanamke kachomoza kichwa, mdomo wazi. Nyumba ya kulia mwanamke mwingine kainamia chungu kwenye mafiga. Rangi ni sita: kijani kibichi, kijani cha giza, njano, chungwa, nyekundu na nyeusi. Jina, yaani maneno ya kanga, ni hili:

WEWE JIRANI UNANISEMA VIBAYA KILA SIKU KWA WATU MTAANI

Maswali yangu: "haisemeki" ina maana gani ilhali maneno yanasomeka vizuri tu? Nikianza upya, nianze na picha au na jina? Na mtu anajuaje kama kilichokataliwa ni wazo lenyewe au ni nguo lililovishwa?

---

PindoNaMji

Mkuu, huyo mnunuzi kakufanyia hisani. Wengi huambiwa "tutakupigia" na simu haiji. Wewe umepewa kasoro tatu, na kila moja ina mahali pake: "imejaa" inahusu mji na pindo, "haivaliki" inahusu mwili wa mvaaji, "haisemeki" inahusu jina. Nashika mbili za kwanza. Ya tatu nawaachia wenye ulimi.

Kabla ya kurekebisha chochote, utenge mchoro vipande vitatu kwenye karatasi tatu: pindo peke yake, mji peke yake, jina peke yake. Chora kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani sm 15 kwa 11. Ukubwa huo unatosha kukuonyesha uzito wa rangi, na ni mdogo kiasi kwamba hutapoteza saa nzima kwenye vidole vya yule mama wa dirishani. Ukishabadilisha vyote kwa mkupuo mmoja na mchoro ukarudi tena, hutajua safari hii kilichokataliwa ni kipi. Kwa hiyo toa matoleo matatu: moja libadilishe pindo tu, la pili mji tu, la tatu jina tu. Yaweke sakafuni, simama wima uyatazame kutoka juu. Lile linalokufanya uiname ili ulielewe, liweke pembeni.

Sasa rangi. Kila rangi ina skrini yake, yaani fremu ya wavu inayopitishia rangi, na kila skrini ni gharama na ni nafasi nyingine ya kukosea. Nyeupe haihesabiwi kwa sababu ni kitambaa chenyewe kisichopakwa kitu. Rangi zako sita zinaweza kuwa tatu bila mchoro kupoteza nguvu: nyeusi, nyekundu, njano, pamoja na nyeupe ya bure. Chungwa unaipata kwa kuchora mistari myembamba ya nyekundu juu ya njano, kila mstari mm 1.5 na nafasi ya mm 1.5, ukiwa mbali jicho linachanganya lenyewe. Kijani zote mbili ziondoke. Anayedhani rangi tatu ni umaskini aitazame kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe basi, haina hata jina, na bado ndiyo anayovikwa bibi harusi.

Kuna kosa jingine ambalo mnunuzi hakulitaja kwa jina, lakini naamini ni sehemu ya "imejaa". Kwa maelezo yako, rangi zinagusana ukingo kwa ukingo. Kiwandani skrini haziangukii mahali palepale kila mara, huhama kidogo. Ikihama mm 1 tu, kati ya nyekundu na njano kunatokea ufa mweupe, au utepe mchafu pale zilipopandana. Dawa yake ni mstari mweusi wa mm 2 unaozunguka kila umbo, na rangi ya ndani iingie chini ya mweusi huo kwa mm 1 kila upande. Hapo rangi ikihama, mweusi unaficha. Na mstari wowote chini ya mm 1 ufute kabisa, hautatoka mzima. Nywele za yule mama, nyuzi za makuti, moshi wa jikoni: vyote hivyo vitakuwa madoa.

Pindo la sm 8 ni jembamba mno. Linapaswa kuwa sm 15 hadi 18, tena liwe zito kuliko mji, kwa sababu kanga ikishafungwa kinachoonekana zaidi ni pindo: linapita kiunoni, chini miguuni, na lile la ubavuni linashuka mbele pale nguo inapopandana. Mkungu unaofuatana kwa sm 8 utaonekana kama utepe wa kushonea. Acha pia sm 2 tupu nje ya pindo pande zote. Doti, yaani kanga mbili zilizoungana, hukatwa katikati kisha kila kanga hupindwa. Fundi akila sm 1 hadi 1.5 kwenye upindo, umbo lililokaa ukingoni linaliwa nalo.

Tuje kwa "haivaliki". Chukua shuka, likate sm 150 kwa 110, ulifunge kwa mtu mwenye nyonga ya sm 105. Kitambaa kinazunguka mara moja na sm 45 zinapandana mbele. Katikati ya mji inaangukia wapi? Makalioni. Nyumba mbili nazo zinahamia ubavuni, moja kila upande, njia tupu inabaki nyuma. Picha iliyokuwa na kisa kizima kwenye karatasi inakuwa njia isiyokwenda popote. Na usisahau kwamba kanga haivaliwi kiunoni tu. Inafunikwa kichwani, inabeba mtoto mgongoni, inatandikwa. Nyumba zikipinduliwa juu chini zinaonekana zimeanguka. Jaribio lake ni la sekunde kumi: geuza karatasi juu chini. Maumbo yakibaki na maana, mji unafaa.

Cha kuokoa humo ni vitu viwili, dirisha na chungu. Watu na nyumba waende zao. Chungu kikae katikati ya mji, kitazamwe kutoka juu: mviringo mkubwa wa sm 40 wenye miviringo ndani yake, na mafiga matatu yanachomoza pembeni. Kikitazamwa hivyo hakina juu wala chini. Dirisha lipunguze liwe mraba wa sm 10 wenye ubao mmoja uliofunguka, kisha lirudie kwenye pindo zima. Sasa chungu kimezungukwa na madirisha pande zote nne. Unaona ulichopata? Ni kisa kilekile cha jirani mdukuzi, bila kumchora jirani.

Mambo mawili madogo. Pamba hurudi ikifuliwa, na mara nyingi urefu na upana havirudi sawa, kwa hiyo mviringo kamili unaweza kuwa yai. Ukiuvunja ukingo wake kwa meno au petali, hakuna atakayegundua. Na pembe nne za mji zitie umbo dogo moja lililo sawa, korosho kwa mfano, ili chungu kisionekane kimepotea katikati ya uwanja.

---

BinMizani

PindoNaMji amemaliza nguo, niingie kwenye ulimi.

"Haisemeki" na "haisomeki" ni vitu viwili. Kanga husema kwa niaba ya mvaaji, na mvaaji akiulizwa "unamsema nani?" lazima awe na pa kutokea. Ajibu, "Aa, mimi nimependa rangi tu." Jina lako limemfungia mlango wa nyuma. "Wewe jirani" limemtaja mshitakiwa, "unanisema" limemtaja mlalamikaji, "kila siku kwa watu mtaani" limeleta na mashahidi. Hilo ni shauri la kwa mjumbe wa nyumba kumi. Nani atalivaa kwenda sokoni?

Urefu nao ni balaa. Hesabu herufi pamoja na nafasi: 54. Kwa herufi kubwa za kimo cha sm 2.5, kila herufi na nafasi yake hula kama sm 1.9. Mara 54 unapata karibu sm 103. Mtu akifunga kanga, anayemfuata nyuma anaona nusu ya mzunguko, yaani kama sm 52. Kwa hiyo atasoma "...ANISEMA VIBAYA KILA SIKU..." na atabaki anashangaa nani kafanya nini.

Sasa ulipouliza uanze na picha au jina: kwa mchoro huu anza na picha, kwa sababu picha yako ilikuwa na akili kuliko maneno yako. Maneno yanasema jirani *ananisema*. Picha inasema jirani *anachungulia*. Hayo ni makosa mawili tofauti, na la pili ndilo lenye utamu. Wazo halikukataliwa, lilikuwa limechorwa tayari na likasahauliwa kuandikwa.

Fanya hivi. Andika vitu vyote vilivyomo kwenye picha, na kando ya kila kimoja uandike vitenzi vyake:

dirisha: funga, fungua, chungulia, chomoza
chungu: teleka, chemka, furika, ipua, ungua
mafiga: inua, shika, yumba
mdomo: sema, funga, bwabwaja
njia: pita, kata, potea

Halafu soma kwa sauti, usisome kwa macho. Sikio litakamata lenyewe: *chungu, chungulia, ungua*. Maneno haya hayana undugu wa asili, lakini yanaitikiana kama wanawake wanaoimba vugo harusini. Mdomo na njia futa, havijakuletea kitu.

Jaribio la kwanza linakuja lenyewe:

CHUNGU CHAKO CHAUNGUA, WACHUNGULIA CHA KWANGU

Mizani, yaani silabi, ni nane kwa nane, mshororo mzima wa shairi. Lakini ni herufi 45, yaani zaidi ya sm 85. Na kuna mkorofi atakayesema chungu hakiungui, kinachoungua ni kilichomo. Atakuwa na haki. Basi ondoa chungu:

CHAKO CHAUNGUA, WACHUNGULIA CHANGU

Herufi 34, kama sm 65. Mizani imevunjika, sita kwa saba, lakini angalia faida iliyoingia. "Chako" kimebaki bila nomino. Kinaweza kuwa chungu, chakula, chumba, cheo, chombo, chochote cha ngeli hiyo. Mvaaji kapata mlango wa nyuma, tena mpana. Chungu kimechorwa hapo juu, kwa hiyo hana haja ya kukitamka, na anayetaka kuelewa zaidi ya chungu ataelewa mwenyewe na kukasirika mwenyewe. Jina na picha visirudiane. Kimoja kikisema, kingine kinyamaze.

Kuna watakaokushauri "CHAKO KINAUNGUA, CHANGU WACHUNGULIA" ili mizani iwe saba kwa saba. Hesabu inatimia, lakini mfuatano wa *chako chaungua* umekatika. Kwenye shairi ningechagua mizani. Kwenye kanga nachagua sauti, kwa sababu jina la kanga halighaniwi beti sita, linasomwa mara moja na mtu anayepita.

Kwa anayetaka kipimo cha nje: kanga ya Obama ya mwaka 2008 ilikuwa na picha yake na pongezi kwa jina lake, lakini maneno ya chini yalikuwa UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Herufi 32. Pongezi ni za mtu mmoja na msimu mmoja, maneno ya chini ni ya yeyote, siku yoyote.

---

Chorachora

Asanteni sana, wakuu. Lile la picha kuwa na akili kuliko maneno limeniingia. Nimejaribu kuchora chungu kutoka juu, kwa kipimo cha moja kwa kumi, na kweli kikigeuzwa hakianguki. Kuna anayeona tatizo kwenye CHAKO CHAUNGUA, WACHUNGULIA CHANGU kabla sijakipeleka?

---

MamaDoti (Mombasa)

Mimi naliona, mwanangu. Mabingwa hao wawili wamekupa kazi safi, ila wote wamesahau kuuliza leso (ndiyo kanga yenu) inanunuliwa na nani, na ampe nani.

Kwanza hilo "changu". Huku kwetu changu ni samaki, na lina maana nyingine ambazo sitaziandika hapa. "Wachungulia changu" litawachekesha vijana kwa sababu ambayo hukuikusudia. Mafumbo ya aina hiyo yapo kwenye leso na yananunuliwa, sikatai, lakini hayo huvaliwa ndani. Kama ndiyo nia yako, sawa. Kama siyo, jua kwamba umemfungia mnunuzi mkubwa: anayenunua zawadi. Leso hupelekwa harusini, hupelekwa kwa mzazi aliyejifungua, mtu humnunulia mkwewe, shangazi, somo yake. Mke wa mwana atampa mavyaa doti yenye "wachungulia changu"? Thubutu.

Pili, leso huuzwa doti, nazo ni mbili zilizo sawa. Mara nyingi mtu hubaki na moja na ya pili humpa shoga yake au bintiye. Jina la ugomvi hulitaki mara mbili. Anayelinunua ana hasira ya wiki ile, hana wa kugawana naye, na hasira ikipoa leso inakwenda kufungia mzigo. Jina la nasaha linagawika. Ndiyo "haisemeki" hiyo, kwa upande wa dukani.

Ushauri wangu: usibadilishe picha, usibadilishe hata neno la kuchungulia. Badilisha anayechungulia. Badala ya kumlaumu mtu anayechungulia kwako, mwambie achungulie kwake:

CHUNGULIA CHAKO KISIUNGUE

Mkorofi akilisoma ataumwa vilevile, kwa sababu anajua kwa nini anaambiwa. Bibi harusi akilisoma ni wosia: angalia nyumba yako. Mwanafunzi, mfanyabiashara, mwanamke mwenye mume mtembezi, kila mmoja ana chake cha kuchungulia. Na *changu* kimeondoka, pamoja na samaki wake.

Halafu yale madirisha ya pindoni yafungue kwa ndani, yaelekee chungu. Mwanzoni yalikuwa ya jirani, sasa ni ya mwenye nyumba.

Ukirudi kwa yule mnunuzi, usimuulize "sasa vipi?" Hilo linajibiwa "nzuri" na leso hainunuliwi. Muulize matatu: Kati ya pindo, mji na jina, ukiambiwa ubakize kimoja utabakiza kipi? Nani akiingia dukani hataitaka hii? Ungeitoa kwa rangi ngapi tofauti? Akijibu la tatu kwa kutaja rangi, ujue kashaanza kuihesabu kwenye rafu.

---

BinMizani

Bi MamaDoti, nakusalimu. Herufi 25, sm 47 na nusu, anayefuata nyuma anasoma yote bila kumzunguka mwenye nguo. Mizani sita kwa tano. Si ya shairi, ni ya methali, na inapendeza kinywani kwa sababu inafungua kwa *chu* na kufungia kwa *ngue*.

Nina neno moja la ubishi. Makali yamepungua. "Chako chaungua" lilikuwa linamwonyesha mtu moshi unaotoka kwake sasa hivi. "Kisiungue" linasema huenda kikaungua. Wapo wanaotaka moshi. Kwa hiyo, Chorachora, lile la herufi 34 usilifute. Liandike kwenye karatasi yake, nyuma ya karatasi uweke tarehe na sababu kwa maneno ya aliyekataa, mfano: "changu lina maana nyingi; halifai zawadi." Weka jalada lenye mifuko mitatu, pindo, mji, jina. Majani yako ya mkungu yaliyokataliwa kwa wembamba yaingie mfuko wa pindo na maandishi "sm 8, ongeza." Siku ukiwa na mji usio na pindo, unaanzia hapo. Bila ile sababu nyuma, baada ya miezi sita karatasi itakuwa picha tu na utarudia kosa lilelile kwa rangi mpya.

Ambacho hakifai kuhifadhiwa ni lile la herufi 54. Hilo limeshazaa, lipumzike.

---

Chorachora

Bi MamaDoti, shikamoo, na asante. Nalichukua la 25. Nina swali la mwisho kwa PindoNaMji: kisanduku cha jina kiwe na vipimo gani, na herufi ziwe nyeupe juu ya nyekundu au nyeusi juu ya nyeupe?

---

PindoNaMji

Kisanduku kiwe sm 60 kwa 7, juu kidogo ya pindo la chini, kiache sm 3 kati yake na pindo. Ukiwa na pindo la sm 16, maneno yatakaa kama sm 21 kutoka ukingo wa chini. Kanga ikifungwa kiunoni yanaangukia kwenye shavu la mguu, ikijitandwa mabegani yanakaa mgongoni. Kote huko yanasomeka.

Nyeusi juu ya nyeupe ndiyo salama. Ukitaka nyeupe ndani ya nyekundu inapendeza, ila rangi husambaa kidogo kwenye uzi na kuzila herufi, kwa hiyo nenepesha kila mstari wa herufi kwa mm 1 zaidi ya unavyotaka uonekane. Kwa kimo cha sm 2.5 mstari wa herufi uwe mm 4 hadi 5. Matundu ya A na O yasiwe chini ya mm 2, la sivyo yatajaa. Jina lako lina A mbili na O moja. Tumia herufi nyoofu zisizo na mikia.

Kabla ya kupeleka, andika jina kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya manila, libandike kwa pini kwenye lile shuka, mtu alivae na atembee. Wewe simama mita 3, kisha mita 6. Ukilazimika kukodoa macho kwenye mita 6, ongeza nafasi kati ya maneno kabla ya kuongeza kimo cha herufi. Mara nyingi tatizo ni maneno kubanana.

Acha pia nafasi ndogo ukingoni kwa alama ya mwenye mali na namba ya mchoro, kama unavyoona kwenye kanga za Mali ya Abdulla. Mchoro ambao haukuachia nafasi hiyo, kiwanda kitaibandika popote, na popote huwa juu ya ua ulilolihangaikia.

Rangi mpe mipango miwili ya mchoro uleule: wa kwanza nyeusi, nyekundu, njano, wa pili nyeusi, zambarau, njano. Skrini hazibadiliki, rangi tu ndiyo inayobadilishwa, kwa hiyo humgharimu skrini mpya.

Mwisho, mpe mtu ambaye hajawahi kuliona hilo jina alisome herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele, E-U-G-N-U. Macho yako yameshalizoea na hayataona kitu. Kwenye KISIUNGUE ikidondoka hiyo N, skrini imeshachongwa, na unamwambia bibi harusi achungulie chake kisije kikaugua.

---

MamaDoti (Mombasa)

Nayo ingenunuliwa. Wauguzi wangeigombea.